Korosho Ndani ya Bibo

Kijiwe cha Kitangari kina benchi mbili, moja ya mninga na nyingine ya matumaini, maana mguu wake wa nne ni tofali. Kila siku baada ya alasiri Gasper hutua hapo birika lake la kahawa na sahani ya kashata, na nchi huanza kuendeshwa. Alhamisi hiyo nchi ilisubirishwa kidogo. Jezi mpya za Bibo Stars zilikuwa zimefika, na picha yake imezagaa kwenye makundi yote ya WhatsApp kuanzia Newala mpaka Masasi, ambako timu ilikuwa inakwenda kucheza Jumamosi. Nembo ilichorwa na simu, kwa akili mnemba. Bibo jekundu, linang'aa, limepasuliwa katikati, na ndani yake, palepale embe linapoweka kokwa, imelala korosho.

Optatus alikaa kwenye benchi ya tofali. Wenzake walimwita Brashi, kwa kuwa ndiye aliyechora mabango ya vinyozi na ya mama lishe wote wa pale, na nembo ya timu miaka kumi na sita, na kila mara korosho aliining'iniza nje, chini ya bibo, kama inavyoota. Mwaka huu hakuitwa. Mwenyekiti wa timu alimtumia tu ile picha kabla haijachapwa, akauliza, "Unaionaje, kaka?" Optatus aliliona kosa hata picha haijafunguka vizuri. Akasema moyoni, si mmepata fundi wenu, akajibu kwa dole gumba. Sasa alikuwa anakunywa kahawa ya moto kuliko anavyoipenda, akiomba Mwenyekiti asikumbuke.

— Tatizo lenu mnaangalia kitu kwa macho ya shamba, alisema Christopher, mwenyekiti mwenyewe, ambaye tangu atangaze nia ya udiwani alikuwa hakai tena, anaketi. — Hii ni dizaini.

— Dizaini ndiyo nini? aliuliza Anthony. Huyu wanamwita VAR, kwa sababu hakuna goli lililowahi kufungwa ambalo hakulirudia siku tatu.

— Dizaini ni kitu kuonekana tofauti na kilivyo.

— Kumbe hata kampeni ni dizaini.

— VAR, usiingize siasa.

— Sijaingiza. Nimeikuta imekaa, imevaa kaunda suti.

Dunstan, aitwaye Bando kwa kuwa kila habari yake imetoka kwenye simu, hakuinua uso.

— Simu haikosei, alisema. — Imesoma dunia nzima.

— Basi ilipofika Kitangari bando likaisha.

— Cheka tu. Watu elfu arobaini wameshaiangalia hiyo jezi. Tumetrendi.

— Wanasemaje hao watu?

Bando akakohoa.

— Kuna wa Masasi ameandika kwamba na bukta tuvae kichwani. Lakini huyo ni mmoja.

— Na wa pili?

— Wa pili amemuunga mkono.

Gasper akamimina duru nyingine. Christopher alikunywa taratibu, kisha akashusha sauti ya mkutano wa hadhara.

— Ndugu zangu, nani kasema simu imekosea? Mimi nimeambiwa kuna mbegu mpya inakuja. Korosho inakaa ndani. Mwizi akipita shambani, haoni kitu.

— Na mwenye shamba ataonaje?

— Ataona siku ya mnada.

— Mimi nasema ni wazungu, alisema Bando. — Wanatuzoesha kwanza kwenye jezi. Baada ya miaka mitano ntoto anazaliwa, ukimwonyesha nkorosho halisi anasema huu una ugonjwa, umetoa mbegu nje.

— Na wakamua uraka je? VAR aliuliza kwa uchungu. — Ntu anakamua bibo lake kwa amani, mara kinu kimegonga jiwe. Hiyo ni hujuma kwa wanywaji.

— Tutaunda kamati, alisema Christopher.

— Ya kinu au ya jezi?

— Ya kuangalia.

Optatus alicheka na wenzake, kicheko cha puani. Raha aliiona, asidanganye mtu. Siku zote hizo alikuwa akiisubiri saa hii, Christopher anajikanyaga mbele za watu, bila yeye Optatus kunyanyua hata kidole.

Ndipo akaja Dorika, mama yake Yoeli golikipa, jezi namba moja imekunjwa kwapani.

— Shikamoo, Mama Yoeli, alisema Bando.

— Marahaba. Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

— Sikai. Aliikunjua jezi, akaishika mabegani kama anayempima mtu. — Yoeli hataki kuivaa. Tangu jana hajala vizuri, vijana wa Masasi wanamtumia vikatuni. Nimekuja kuuliza tu. Kabla hamjachapa, mlimwonyesha mtu anayejua bibo?

Christopher akatoa simu, na uso wake ukanawiri kwa mara ya kwanza jioni hiyo.

— Nilimwonyesha. Nilimtumia Brashi. Hii hapa, mama, soma mwenyewe. Kaweka dole.

Simu ikapita mkono kwa mkono. VAR aliiangalia, akamwangalia Optatus, akairudisha. Gasper alisimama na birika hewani.

— Baba Queen, alisema Dorika, akimwita Optatus kwa jina la binti yake, kwa heshima ileile ya siku zote. — Ulipoweka hili dole, korosho uliiona ilipo?

Optatus alifikiria kusema kwamba kioo cha simu yake kimepasuka. Ni kweli kimepasuka.

— Niliiona, mama.

— Ukanyamaza.

— Nilinyamaza.

Dorika hakupaza sauti. Aliikunja ile jezi vizuri, mkono juu ya mkono, kama nguo ya kanisani.

— Basi Jumamosi Masasi wakimcheka golini, nimwambie mwanangu alikukosea nini?

Optatus alikuwa na jibu. Alikuwa amelipanga siku zote hizo: miaka kumi na sita, rangi zake mwenyewe, juani juu ya ngazi, halafu mtu anakupita kama jiwe. Lilikuwa jibu zuri sana, lakini alikuwa amelitunza kwa ajili ya Christopher. La Yoeli hakuwa nalo. Aliona aibu, akawageukia wenzake, wale wenye jibu la kila jambo la dunia, na kila mmoja alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

Dorika alikuwa bado amesimama, anasubiri.