Mjomba au Baba Mdogo

Kwenye basi la Kiomboi kwenda Singida, kijana aliyekaa mbele yangu alipakata kitabu kinene cha Kiingereza, kinachofichua siri zote za sizoni moja ya kijasusi. Dada aliyekaa naye alikuwa na DVD za sizoni hiyohiyo, zile zenye sauti ya mtafsiri. Akamuuliza nani alimuua yule mrithi wa mashamba.

"Anko wake," kijana akajibu kwa madaha, kama aliyeandika yeye.

"Anko yupi? Mtafsiri anasema mjomba, nami nilimbishia palepale sebuleni. Mjomba atapata nini kwenye urithi wa ukoo mwingine? Huyo ni baba mdogo!"

Kijana akapekua kitabu kizima, hadi picha za waigizaji wakinywa kahawa. Anko alibaki anko. "Wazungu hawatenganishi, dada."

"Basi muuaji bado hawajamjua."

Tukaingia stendi. Dada akanigeukia. "Shikamoo baba. Hebu wewe mtu mzima tuamulie."

Nikaitikia marahaba, nikashuka haraka. Nilikuwa nawahi kikao cha kugawa mashamba ya marehemu kaka yangu.