Kitufe Kilichogeuka Kijani, Gari Likabaki Uani

Mkuu wa idara ya mifumo alithibitisha jana kwamba Bi Ushahidi, fundi wa skrini za kuagiza magari ya wagonjwa, atastaafu Ijumaa tarehe 30 baada ya miaka ishirini na saba kazini. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya swali analomuuliza kila anayesema kazi imekwisha: "Ushahidi uko wapi?"

Aliingia kama mpokea simu, enzi za kuandika maombi ya magari kwa chaki ubaoni. Programu alijifunza mwenyewe wakati wa chai, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye chupa, na kurasa zake hadi leo zina madoa. Skrini aliyoijenga inatumika katika vituo sita.

Siku yake ngumu kuliko zote ilikuwa Jumanne moja mwaka juzi, asubuhi tulipohamia toleo jipya la fremuweki ya JavaScript, yaani kiunzi cha msimbo kinachoendesha skrini hiyo. Saa mbili na dakika kumi, mpokea simu alikishikilia kitufe cha "Tuma gari" kwa sekunde mbili, kama utaratibu unavyotaka. Kikageuka kijani. Baba aliyepiga simu, ambaye mwanawe alikuwa akipumua kwa shida, alipiga tena baada ya dakika nne: gari halijafika. Mpokea simu akakimbia uani, magari yanakoegeshwa.

"Kijani gani, dada? Huku kwangu kumekauka, hakuna ombi lililoingia," dereva alimjibu huku akiwasha gari. Mtoto aliwahiwa. Wagonjwa wengine watatu walikuwa bado kwenye foleni, na magari yakawa yanaagizwa kwa kupiga kelele dirishani.

Kitufe kilibandikwa agizo, yaani kipande cha msimbo kinachopima sekunde mbili, kisha kutoa tukio maalumu, yaani ishara ya ndani ya skrini, ili ukurasa upeleke ombi kwenye simu ya dereva. Agizo la zamani lilipitisha tukio kwenye kijenzi, kipande cha programu kilichobeba kitufe. Katika toleo jipya kitufe kilikuwa cha kawaida, hakina kijenzi, na tukio halikutoka. Rangi ilibadilishwa na agizo lenyewe, kwa hiyo skrini ilidanganya.

Fundi mwenzake alirekebisha tukio litoke kwenye kitufe chenyewe, akapima kama linasikika papo hapo kwenye kitufe, likasikika, akatangaza ushindi.

"Mwanangu, dereva hakai ndani ya kitufe," Bi Ushahidi alimwambia, akaenda kukibonyeza kwenye kiti cha mpokea simu. Simu ya dereva haikulia. Ukurasa ulisubiri tukio kwenye kisanduku cha juu, kinachokizunguka kitufe, na tukio halikuruhusiwa kupanda hadi huko. Waliongeza ruhusa hiyo, mstari mmoja tu. Saa mbili na dakika hamsini na mbili, simu ya dereva ililia.

Tangu hapo kijani huwaka dereva akishapokea ombi, na hakuna toleo linalotoka kabla ya kujaribiwa kwenye kiti hicho.

Tunamshukuru kwa ukali wake uliookoa watu. Tunamtakia mapumziko ambayo simu ikilia, ni wajukuu tu.

Ijumaa saa nne asubuhi, toleo jingine litajaribiwa. Fundi yule yule, ambaye sasa anarithi nafasi yake, ndiye atakayebonyeza. Bi Ushahidi atakaa nyuma, na ameonya kwamba hatajibu swali lolote. Hafla ya kumuaga ni saa nane mchana, kitufe kikifaulu.