Soko Liko Wazi: Kumkumbuka Specioza Akwi

Wasikilizaji wapendwa, mulembe kwenu nyote. Yoga noi kwa nyumba zote za Wateso, na salamu kwa ndugu wa ng'ambo mnaotusikiliza huku mkipanga foleni kwenye geti la mpakani. Ni mimi Edah Nekesa. Ijumaa hii simu ya studio haijapumzika tangu asubuhi, na wengi mnauliza swali moja tu. Wengine mnauliza kwa hasira. Mzee mmoja wa Dabani amenikaripia mimi, kana kwamba funguo za soko ninazo kwenye mkoba.

Swali lenyewe ni hili. Specioza Akwi anazikwa leo saa nane mchana, nyumbani kwa mume wake, Dabani. Mbona soko la nafaka liko wazi?

Nitawajibu. Lakini siwezi kuwajibu kabla sijawaambia alikuwa nani.

Specioza Akwi alikuwa mfanyabiashara wa nafaka hapa Busia. Alikuwa mwenyekiti wa soko letu la nafaka, na vipindi viwili alikuwa diwani. Amefariki Jumapili iliyopita, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Nasema tena kwa wale mnaofungua redio sasa hivi: Specioza Akwi, Mama Simsim, ametutoka.

Alizaliwa upande wa Tororo, kule Sop Sop, kwa baba Mteso aliyefuga ng'ombe na kulima wimbi. Akaolewa na Msamia, marehemu Oundo, fundi wa baiskeli. Alipofika Dabani hakujua Lusamia hata neno moja. Mama mkwe akimtuma kuni, yeye analeta maji. Basi wakakubaliana kusemezana Kiswahili, wote wawili kibovu, na wakapendana mpaka mwisho.

Biashara aliianza na beseni moja la simsim, yaani ufuta, kutoka kwao. Mume anamfungia beseni kwenye baiskeli, yeye anatembea nyuma amelishika lisidondoke. Wateja wake walikuwa wanawake wa upande wa Kenya, wanaokuja na gorogoro zao, yale makopo ya kupimia. Na mnajua watu wa ng'ambo wanavyobishana bei. Akwi hakubishana. Alijaza gorogoro mpaka ukingoni, kisha akachota kiganja kimoja akamwaga juu, kikasimama kama kichuguu. Nyongeza. Ukimwambia imetosha, anakukata jicho. "Hii si ya kwako," anasema, "hii ni ya kukurudisha kesho."

Na walirudi. Beseni likawa gunia, gunia likawa duka, duka likawa lori lenye jina lake mbele. Lakini kwenye duka aliweka watu. Yeye mwenyewe aliendelea kukaa sokoni, kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, kona ya lango. Ukitaka kumwona diwani, unamkuta pale anapepeta.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jibu linapoanzia.

Soko letu lilikuwa na desturi. Muuzaji akifa, soko zima linafunga. Hakuna anayetangaza. Turubai zinafunikwa, watu wote wanapanda gari, wanakwenda kuzika. Hata wanunuzi wa ng'ambo walijua. Wakikuta turubai chini, wanajua kuna msiba, wanarudi na makopo yao matupu bila kununa. Ilikuwa desturi nzuri, na sitaki mtu aseme nimeikejeli. Tulijivunia.

Miaka ile, Akwi bado si diwani, akafa Damalie, muuza karanga, rafiki yake Akwi wa damu. Kwao ni Nabuyoga. Soko lote likafunga, wakaenda kwa malori mawili. Wakaimba, wakalia, wakazika, wakala chakula cha msiba kama inavyotakiwa. Wakarudi jua likiwa bado lipo.

Wakakuta soko limezungushiwa mabati.

Meza zilikuwa zimetupwa mtaroni. Turubai zimekunjwa zikarundikwa barabarani. Ndani ya mabati, vijana wanachimba msingi wa ghala. Na mbele ya lango kasimama tajiri mmoja, jina lake silitaji, maana najua hata yeye ananisikiliza sasa hivi. Habari za asubuhi, mzee. Tajiri huyu alikuwa amepiga picha. Picha ya saa sita mchana, siku ya kazi, kiwanja kitupu, hakuna hata kuku. Akawaambia wanawake waliotoka kuzika, udongo wa kaburi bado uko miguuni: "Soko gani? Mimi nimekuta uwanja mtupu."

Na picha ile aliizungusha kila ofisi. Uwanja mtupu. Uwanja mtupu.

Wasikilizaji, mimi nikikumbuka maneno yale mpaka leo damu inanichemka. Unamkuta mtu yuko msibani, unamwambia hana nyumba.

Wengine walilia. Wengine walisema twende mahakamani. Kesho yake asubuhi Akwi akaja na kigoda chake, akakiweka chini ya mabati, upande wa barabara, akamwaga simsim kwenye ungo, akaanza kuuza. Roselyn, muuza maharage, ambaye bado yuko sokoni, alinisimulia juzi: "Mimi nilimuuliza, mama, sasa hapa tutauza vipi, mvua nakuja? Akaniambia, Roselyn, mabati ni kitu ya pesa, sisi tuko na mikono. Nani atachoka kwanza?"

Basi wakaja wote. Walikaa kando ya mabati masika yote. Matope yalifika kwenye vifundo. Maharage yalilowa yakaota, wakayauza kama mbegu. Walifukuzwa na virungu, wakarudi, na ghala likabaki msingi. Walipewa kiwanja kingine, kule kwenye kinamasi, wakaambiwa ni kizuri kina hewa. Akwi akauliza mbele ya watu: "Na wateja wangu watakuja na mtumbwi?" Mji mzima ulicheka, na kile kiwanja cha kinamasi hakikutajwa tena.

Uchaguzi ulipofika akagombea udiwani. Hakuwa na bango hata moja. Akashinda. Kikao cha kwanza cha baraza, ile picha ikaletwa tena mezani. Akwi akasimama akasema hana la kujibu humo ndani, ila anaomba waheshimiwa watembee kidogo. Wakatembea. Walipofika kwenye mabati walikuta wauzaji kutoka lango mpaka kona, na wanunuzi wa Kenya wamejaa mpaka gari la mwenyekiti wa baraza, lililowafuata nyuma, likakosa pa kupita. Akawaambia: "Uwanja mtupu ndio huu. Ingieni kama mtapata nafasi."

Mabati yaliamriwa yang'olewe. Yule tajiri akaambiwa aje ayachukue. Hakuja. Aibu ilimshika, na sijui kama imemwachia. Wanawake walingoja, wakachoka kungoja, wakayapandisha juu. Ndiyo maana soko letu lina paa, wasikilizaji. Ukiona matundu ya misumari yanavuja mvua ikinyesha, usilalamike. Hayo ni mabati yale yale.

Siku paa lilipokamilika, Akwi aliweka sheria moja. Soko hili halitakaa tupu tena hata siku moja. Mtu akifa, nusu wanakwenda kuzika, nusu wanabaki wanauza. Na mwenye kukaa kona ya lango habanduki.

Ni rahisi kusema. Ilikuja kumgharimu.

Kaka yake Etyang alipofariki, zamu ya kubaki ilikuwa yake. Watu wote walimwambia nenda, tutakuwekea kiti. Akakataa. Alisema sheria ikivunjwa na aliyeiweka, kesho itavunjwa na kila mtu. Kaka yake akazikwa Sop Sop, yeye yuko Busia anapima simsim huku machozi yanatiririka, na mteja akijaribu kumfariji anaulizwa, "Unataka gorogoro ngapi?" Ukoo ulimkasirikia. Walimtoza fahali, akatoa. Mpwa wake Ecodu, mtoto wa huyo Etyang, nilizungumza naye jana. Hakunificha.

"Mimi nilikaa bila kuongea na shangazi mwaka mzima," alisema. "Niliona hana roho. Halafu siku moja nikapita soko, nikaona vile anaangalia ile lango. Hata kula anakula anaangalia lango. Nikasema, huyu mama hakukosa kuzika baba yangu kwa sababu ya pesa. Anaogopa ile mabati."

Sasa tuje kwenye wiki hii.

Jumatatu likatoka tangazo. Soko la nafaka lifungwe Ijumaa, siku nzima, lango kwa kufuli, kwa heshima ya marehemu. Sitasema tangazo limetoka kwa nani. Labda ni heshima kweli. Mimi nasema tu kwamba kufuli mpya ilifika sokoni kabla ya shada la maua. Na nasema kwamba siku iliyofuata Roselyn aliwaona vijana wawili asiowajua wakipima kona ya lango kwa futi kamba. Alipowauliza wanapima nini, walisema wanapima tu.

Aliyebanwa hapo ni Annet. Annet ni binti wa kwanza wa marehemu, na tangu mama yake alale kitandani, yeye ndiye anayekaa kona ya lango. Mama yake alimwita wiki mbili kabla ya kufa, akamuuliza jambo moja tu: "Siku mtanizika, nani atakaa kwa kigoda?" Annet akajibu, mimi. Ameahidi. Lakini kule Dabani mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutupa udongo kwa mzazi wake. Asipokuwepo kaburini, atasemwa mpaka wajukuu zake. Baba yake mdogo, mzee Geoffrey Oundo, mkuu wa nyumba ile, alimwambia wazi mbele ya ukoo: "Hapa hatujaona mtoto anaacha mama yake azikwe na majirani. Ukikosa, usirudi hapa kuomba maji."

Annet alimjibu hivi. Maneno haya ameniruhusu niyaseme hewani: "Baba mdogo, mimi nikienda Dabani nazika mama mara moja. Soko ikiondoka, nimezika yeye mara mbili. Nitakaa."

Akaondoka akilia.

Asubuhi ya leo saa mbili, Annet alivunja ile kufuli kwa nyundo ya Roselyn. Akafungua lango, akakaa kwenye kigoda. Kwa hiyo jibu ndilo hilo. Soko liko wazi kwa sababu mwenye msiba ndiye aliyelifungua. Mliopiga simu kusema hawana heshima, nawaomba msikilize na hili lililotokea baadaye.

Mwenzetu Brian yuko sokoni tangu alfajiri na simu yake. Anatuambia saa nne pikipiki ilisimama langoni. Akashuka mzee Geoffrey Oundo, na koti lake la msiba, uso umekunjamana. Watu wakajua amekuja kumvuta Annet kwa nguvu. Wanawake wakasimama. Mzee akawapita wote, akaenda mpaka kwenye kigoda. Mkononi alikuwa na gorogoro. Ndani ya gorogoro kulikuwa na udongo mwekundu wa Dabani, umetoka kwenye kaburi linalochimbwa.

Akaiweka mbele ya Annet. Brian alimsikia akisema: "Umekataa kwenda kwa kaburi. Haya, kaburi nimekuja nayo. Tupa udongo ya mama yako nirudi, watu wananingoja."

Annet alichota kiganja, akakishika kwa muda, akakirudisha kwenye kopo. Akapitisha kopo kwa Roselyn, naye akachota akarudisha. Likazunguka kwa wauza maharage, kwa wauza mahindi, kwa mabinti wa mihogo mikavu, mpaka kwa wanunuzi watatu wa ng'ambo waliokuja kutafuta wimbi wakajikuta msibani. Hakuna aliyeacha meza yake. Kopo liliporudi kwa Annet, udongo ulikuwa umeshuka kidogo, maana mikono ilikuwa mingi. Annet akainama, akakwangua udongo wa pale pale chini ya kigoda, kiganja kimoja, akaumwaga juu mpaka ukasimama kama kichuguu.

Mzee Geoffrey aliuliza ni nini hiyo.

"Nyongeza," Annet akasema.

Ndipo mzee, na koti lake lote, akakaa chini sokoni akalia. Sasa hivi yuko njiani kurudi Dabani, kopo amelipakata. Ameahidi huo ndio udongo utakaotangulia kuingia kaburini leo, kabla ya wa mtu yeyote, mkubwa au mdogo.

Kwa niaba ya redio hii, natoa pole kwa nyumba ya Oundo kule Dabani, na kwa ukoo wake wa Sop Sop. Pole kwa Ecodu. Pole kwa Annet, ambaye najua ananisikia, maana redio ya marehemu bado imening'inia kwenye nguzo pale langoni. Mama, eyalama noi, asante sana. Umetuachia paa linalovuja, na hatutalishusha.

Kwenu ninyi mnaokwenda kuzika leo, nendeni salama, lieni mshibe. Lakini mkiwa njiani jiulizeni kitu alichomuuliza binti yake. Kigodani kwako umemwacha nani? Kwenye shamba, kwenye darasa, kwenye kikao kile unachokipuuza kila mwezi, kuna mtu amekaa? Maana mwenye kamera hajafa, wasikilizaji. Bado anatafuta uwanja mtupu.

Na wewe mzee usiyetajwa jina, kama bado unasikiliza, chukua kamera yako upite pale mchana huu, saa nane kamili, jeneza likishuka. Piga picha uipendayo. Soko liko wazi.