Mama Mwenye Gubu

Katika treni ya kutoka Galway kwenda Dublin, mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye kofia mpya ya unyoya. Mzee aliyekuwa pembeni yake akamuuliza kama anakwenda harusini.

"Nakwenda kwenye tuzo za filamu na televisheni," akasema. "Binti yangu Sorcha anawania ya mwigizaji bora."

Mzee Fintan, kama alivyojitambulisha, hakuwahi kukosa tamthilia anayoigiza Sorcha. "Kumbe ni mwanao! Anavyomwigiza yule mama mwenye gubu, nilicheka mpaka mke wangu akanifukuza sebuleni. Akikaribishwa chai kwa watu, kwanza ananusa maziwa. Lakini mama kama yule hayupo duniani."

"Yupo. Umekaa naye."

Nikaficha uso nyuma ya gazeti. Fintan akaomba radhi.

"Wewe huna kosa, bwana. Sorcha ndiye atanieleza leo, mbele ya hao wakubwa wake."

"Muulize kesho, mama. Leo mpigie makofi."

"Yeye aniigize mbele ya nchi nzima, mimi ningoje kesho?"

"Nchi nzima imekupenda."

Mama akaiweka sawa kofia yake. Nadhani hakuwa amelifikiria hilo. Treni ilikuwa imeanza kupunguza mwendo.

"Na wakimnyima tuzo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Basi watakuwa wamekukataa wewe, si yeye."

Treni ikasimama. Mama akainuka, akachukua mkoba wake. "Wathubutu," akasema. "Hao majaji watanitambua."