Wazi kwa Nani?

Kwenye treni, fundi wa kompyuta alimweleza jirani yake wa kiti kuwa anakwenda kuongeza kasi ya mtandao wa hospitali. Kumbe jirani ndiye mpiga eksirei wa hapo. "Nagusa mipangilio tu, dada, picha zenu zitapita kama upepo. Mfumo wenyewe ni wa bure, uko wazi."

"Wazi kwa nani? Wagonjwa wangu wanavua nguo mbele yangu, si mbele ya mtaa."

"Programu ndiyo iko wazi, si picha. Kila mtu anaweza kusoma ilivyotengenezwa."

"Hata mwizi?"

"Hata mwizi, lakini..."

Treni ilisimama kwenye kituo chao kabla hajamaliza. Dada akaunyakua mkoba wa vifaa wa fundi. "Huu nabeba mimi, kaka. Tangulia, na mashine hugusi mpaka unijibu."