Jiko Lililojengwa Juu Kuliko Mpishi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mfuko wa Jiko la Wote, viongozi wa kata yetu ya Chemchem, majirani, na wewe Stela binti Benedikta, uliyekaa mstari wa mbele kwa sababu sisi ndio tuliokukalisha hapo: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Sisi wapishi wa Kikundi cha Tuungane tunakukaribisha Tabora, Mheshimiwa Mkurugenzi. Umetoka mbali, na barabara tunaijua. Mji huu umewalisha wapita njia tangu enzi za misafara ya miguu, na si desturi yetu kumsindikiza mgeni akiwa na njaa. Nawe utakula, hata kama baadhi ya maneno yatakayotangulia chakula si matamu.

Karatasi iliyo mezani kwako ina ukurasa mmoja na nusu. Hiyo ndiyo risala tuliyorudishiwa na ofisi yako baada ya kukaguliwa. Sisi tulipeleka kurasa tano. Sehemu ya changamoto imebaki sentensi moja, nayo inasema kwamba changamoto zetu ni za kawaida. Hii anayoisoma mwenzetu Rustika ni ile ya kwanza, kwa hiyo usihangaike kuifuatilia kwa macho. Tunaomba utusikilize tu.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza miaka tisa iliyopita na wanawake wanne, masufuria ya kuazima, na uani kwa Zabibu. Tulipika kwenye misiba, harusi na ubarikio. Baadaye wenye vyuo na wenye mikutano wakatujua, tukafika wapishi kumi na wawili.

Kila mmoja alikuwa na chungu chake. Pilau ilikuwa ya Zabibu. Maharage yalikuwa ya Rustika, aliyeyazoea tangu utoto wake Ulyankulu. Ugali ulikuwa wa Benedikta Lugembe, aliyetoka Bukene na mwiko wake mwenyewe begani kama mtu anayekwenda shamba.

Mheshimiwa, ugali wa watu mia tatu si ugali wa nyumbani uliozidishwa. Mwiko wake ni mrefu kama mpini wa jembe. Ukishatia unga mara ya tatu, mikono peke yake haifui dafu. Unasonga kwa mgongo na kwa miguu, na uzito wako wote uko juu ya mwiko. Mpishi lazima awe juu ya sufuria. Ndiyo maana mafiga yetu hayakufika goti. Benedikta alikuwa akiwaambia wasichana wanaojifunza, "Ugali ni kama mume mkaidi. Ukiuangalia kutoka chini, haukusikii."

Alikuwa mfupi. Alipenda kusema Mungu alimpunguza kimo kwa makusudi ili awe karibu na kazi yake.

TUNAYOSHUKURU

Hatukuja kukana fadhila. Jiko hili mlilotujengea lina mengi mema. Vyakula vibichi vinaingia mlango mmoja, sahani zinatoka mwingine, havikutani. Meza ni za chuma kisichoshika kutu. Sinki ni tatu, na maji yanashuka kwenye mfereji bila kutuama. Feni inavuta moshi, na Zabibu, aliyelia machozi ya kuni kwa miaka ishirini, sasa macho yake ni meupe. Stoo ina rafu na panya haingii. Kwa hayo yote tunasema ahsante, na tunamaanisha.

Lakini jiko ni mahali pa moto. Mengine yote yanazunguka moto. Na moto wenyewe mliuweka pasipo pake.

RAMANI

Siku ya kuletewa ramani tulikaa kwenye ukumbi wa kata. Mhandisi wa Mfuko, Bwana Raymundi, aliitandaza mezani, akaeleza vizuri, kwa upole. Benedikta hakuangalia milango wala sinki. Aliweka kidole kwenye mchoro wa majiko ya gesi, akauliza urefu wake kutoka sakafuni.

"Sentimita tisini, mama."

"Na sufuria letu la lita mia nalo lina kimo chake."

"Linakaa juu yake, bila wasiwasi."

Benedikta akasimama, akaweka kiganja kiunoni, akakipandisha mpaka kifuani, akakipandisha tena mpaka chini ya kidevu. "Mdomo wa sufuria utakuwa hapa. Sasa baba, mimi wa kusonga nitasimama wapi?"

"Utasimama sakafuni, mama, kama watu wengine."

Zabibu akadakia, "Basi shoga, ugali utausonga kwa kidevu!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Mhandisi naye alicheka. Akasema, "Mama zangu, huu ni urefu wa kimataifa."

"Na hao wa kimataifa," Benedikta akauliza, "wanasonga ugali?"

Tulicheka zaidi. Yeye hakucheka. Alibaki amesimama na kiganja kidevuni, akisubiri jibu, mpaka mwenyekiti wa kikao akasema muda umekwisha na mgeni ana safari. Tukampigia mgeni makofi ya kilo, kama tunavyompigia kila mtu aliyetujia na jambo la heri. Kwetu makofi yale ni kumshukuru mtu kwa kuja.

Baadaye tulisoma muhtasari wa kikao kile. Umeandikwa: "Wajumbe waliifurahia ramani na kuipitisha kwa makofi." Swali la Benedikta halimo.

Hapo tuna kosa letu, na tunalikiri mbele ya mwanawe. Tulicheka wakati mwenzetu anauliza. Tulipiga makofi kabla hajajibiwa. Mtu asitusemee kosa hilo. Tunalijua, na kila mmoja wetu analibeba nyumbani kwake. Ila makofi yetu hayakupima jiko. Aliyepima ni mwingine, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

YALIYOMPATA BENEDIKTA

Majiko ya gesi yalipofungwa mahali pake, Benedikta alijaribu siku ya kwanza akiwa sakafuni. Mwiko ulizama nusu, mikono ikawa juu ya mabega, unga ukashika chini na kuungua. Aliona aibu. Hakuwahi kuunguza ugali tangu awe mtu mzima. Jioni hiyo alimwita Eliasi, fundi wetu wa hapa Chemchem, akamwomba amtengenezee jukwaa la mbao la kusimamia, pana, lenye miguu sita. Eliasi alilileta Jumatatu. Benedikta akapanda, akasonga, akarudi kuwa Benedikta.

Wiki ya pili alikuja mkaguzi wa Mfuko. Akasema mbao haziruhusiwi jikoni kwa sababu zinabeba vijidudu. Jukwaa likatolewa nje. Benedikta alimfuata mpaka kwenye gari.

"Mwanangu, umeniondolea pa kusimama. Umeniachia nini?"

"Mama, andikeni barua."

Tuliandika barua. Kisha tukaandika nyingine. Eliasi alipima, akasema majiko yakatwe miguu, sentimita arobaini na tano, na mtaalamu wa gesi ashushe mipira. Kazi ya siku moja. Tulijibiwa kwamba tukiigusa miguu hiyo, dhamana ya majiko inafutika. Watu walikuwa wameshaagiza vyakula. Basi Benedikta akachukua kreti la soda, la plastiki, kwa sababu plastiki hairuhusiwi kubeba vijidudu, akaligeuza juu chini kwenye vile vigae vinavyong'aa, akapanda. Rustika akawa anamshika kiuno kwa nyuma. Hivyo ndivyo tulivyopika kwenye jiko la kisasa kwa wiki tano: mmoja anasonga, mmoja anamshika asianguke.

Alhamisi ile tulikuwa tunapikia mahafali ya chuo, watu mia tatu na arobaini. Unga ulikuwa umeshatiwa mara ya tatu. Rustika anasema alihisi kiuno cha mwenzake kikikaza, jinsi kinavyokaza anapolalia mwiko kwa uzito wote, kisha kreti likateleza. Benedikta alishika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mshikio wa sufuria. Hatutaeleza zaidi. Mwanawe yupo hapa. Rustika ana makovu kwenye mkono wa kushoto, ndio huo ulioshika karatasi hii.

Aliishi siku tisa hospitalini. Siku ya tatu alipoweza kuongea aliuliza, "Wale wageni walikula nini?"

Rustika akamjibu, "Walikula, dada. Walishiba."

"Ugali wa nani?"

"Wako. Tuliuokoa."

Akafumba macho, akasema, "Haya, vizuri." Hakuuliza tena habari za jikoni.

Mheshimiwa, ule ulikuwa uongo. Wageni walipewa mkate na soda, wakaondoka. Tunausema leo hadharani kwa sababu mwongo mmoja katika habari hii anatosha, na wa kwetu alikuwa na huruma.

NENO LENYEWE

Wiki tatu baada ya mazishi tulipokea taarifa ya Mfuko. Ina kurasa kumi na nne na picha za vigae. Ukurasa wa kumi na moja umeandikwa: "Chanzo cha ajali: uzembe wa mpishi." Chini yake kuna sahihi yako.

Hatusemi wewe uliliandika neno hilo. Tunasema ulilitia sahihi.

Huenda ofisini uzembe ni neno la kujaza nafasi kwenye fomu. Huku kwetu siyo. Mtu akiitwa mwizi, ana siku ya kujitetea. Akiitwa mzembe, wameitwa mama yake aliyemlea na watoto aliowalea. Stela alikuwa aje kushika mwiko wa mama yake. Sokoni mwanamke mmoja, tena anayejiita jirani, alimwambia mbele za watu, "Wewe usije ukatuungulia kama yule mzembe wenu." Binti aliacha nyanya zake kwenye meza ya muuzaji akarudi nyumbani mikono mitupu. Neno hilo halikuzaliwa sokoni. Lilitoka kwenye karatasi yenu, likasomwa kwenye kikao, likatembea kwa miguu yake.

Na lina ubaya mwingine, huu unatuhusu tulio hai. Kwa kuwa mpishi ndiye chanzo, jiko halina kosa. Kwa kuwa jiko halina kosa, halirekebishwi. Tuliletewa semina ya siku mbili ya usalama jikoni. Mwalimu alitufundisha kuvaa glavu. Zabibu alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mtu mfupi anavaa glavu gani?" Safari hii hatukucheka.

Majiko yako pale pale, sentimita tisini. Neno lile likibaki, kesho kreti lile atapanda Rustika, na keshokutwa huyu binti. Naye akianguka, fomu ipo tayari, imeshajazwa.

MAOMBI

Hatuombi jiko jingine. Hatuombi feni ya pili wala sare mpya, ingawa kwenye karatasi iliyokaguliwa tumeandikiwa kwamba tunaomba sare.

Tunaomba majiko yashushwe. Eliasi yupo, yule pale ukutani, amekuja na futi yake ya kupimia, na mtaalamu wa gesi ameitwa. Mnachotakiwa kutoa ni ruhusa.

Tunaomba neno lile lifutwe, kwa maandishi, katika taarifa ile ile, ukurasa ule ule. Ili kuwapunguzia kazi tumeandika sentensi ya kuweka mahali pake. Ni fupi: "Chanzo cha ajali: jiko lilijengwa juu kuliko mpishi." Tumeipima, inaenea kwenye mstari mmoja. Tunaomba nakala apewe Stela mkononi, si kwa kutumiwa, na isomwe kwenye kikao cha kata kilichosoma ile ya kwanza.

Na utepe wa uzinduzi tunaomba usiukate leo. Tunajua umekuja kwa ajili hiyo, tunajua wapiga picha wamepanga. Lakini ukiukata, kesho tutaambiwa jiko lilizinduliwa likiwa halina dosari, na aliyesema hivyo atakuwa na picha yako.

Mgeni rasmi, chakula kipo tayari. Kuna wali, kuna kisamvu, kuna maharage ya Rustika, na ugali ameusonga Stela, wa kwanza wake wa watu wengi. Hakikupikwa humu ndani. Kimepikwa nyuma ya jengo hili, juu ya mafiga, kwenye moshi, kama tulivyopika miaka tisa bila kumzika mtu. Humu hatutapika tena mpaka majiko yashuke. Siyo mgomo. Hatuna wa kumpandisha kreti.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akuongoze salama barabarani, akupe na ujasiri wa kusoma ulichokitia sahihi. Marehemu ampe raha ya milele. Na ninyi majirani mliosimama juani kutusikiliza, awalipe kwa baraka.

Ni sisi, Kikundi cha Wapishi Tuungane, Chemchem, Tabora. Amesoma kwa niaba yetu Rustika Ndayizeye. Tuko kumi na mmoja. Mpishi wa kumi na mbili aliuliza swali, na bado tunasubiri ajibiwe.