Mwalimu Orpah Nyangate Mokua na Uji wa Tunduma

Mama yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Magwagwa tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Nyasani, mkulima wa ndizi. Bibi yake alikuwa akisema kwamba watoto wengine hutambaa kuelekea jikoni, lakini huyu alitambaa kuelekea langoni.

Alisoma hapo Magwagwa, akahitimu ualimu mwaka 1979, na akafundisha shule za msingi za Nyamira hadi alipostaafu mwaka 2017. Hakufundisha hata siku moja akiwa ameketi. Alizunguka darasani mpaka wanafunzi wakawa hawajui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Mliopitia mikononi mwake mko hapa, msijifiche.

Tarehe 11 Januari 1981 alifunga ndoa katika kanisa la Nyanchwa na Zachariah Mokua, mkulima wa chai wa hapa Kebirigo, mtu mtulivu kupindukia. "Orpah, keti basi, hata chai ipoe," baba alimwambia kila siku, na mama akainywa akiwa amesimama. Mungu aliwajalia watoto watatu: Jasper, Beverlyne anayewasomea wasifu huu, na Linda.

Mwaka 2011 Linda alikwenda kufanya kazi Lusaka. Akaolewa hukohuko na Gibson Mwale, Mzambia, kabla hata ng'ombe mmoja wa mahari hajaingia bomani. Baba alikasirika mno. Alisema Gibson si mkwe, na asikanyage boma hili. Baba alifariki mwaka 2018 bila kulitengua neno hilo, na ndugu yake, Mzee Ogeto, akalishika. Linda naye akakataa kuja bila mumewe. Jambo hilo lilimkosesha mama raha. Tulimsihi apige simu tu. "Maneno ya kumrudisha mtoto hayasemwi kwa simu," akatujibu, na tarehe 3 Aprili 2022 akapanda basi.

Alituaga kwa wiki mbili, safari ikamla miezi mitatu. Isebania, mpakani mwa Tanzania, alirudishwa kwa kukosa kadi ya homa ya manjano. Mwanza akaibiwa mkoba. Tena kila Ijumaa, jua likikaribia kuzama, alishuka palepale alipofika, maana Sabato ni Sabato. Basi likaenda zake, naye akaenda kuulizia kanisa. Singida waumini walimpokea akakaa wiki kadhaa, akawafundisha watoto wao hesabu. Sisi huku tulilia. Yeye alicheka: "Kwani barabara imeisha? Hii ikiziba nitapita ile." Lakini moyoni hakutulia, na kila asubuhi alifika stendi kabla ya makondakta.

Tunduma, mpakani mwa Zambia, malaria ikamwangusha kwenye gesti. Linda alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, kwa hiyo aliyekuja kumchukua ni Gibson. Jamani! Wageni wetu mjue kwamba kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya wakwe. Mama mkwe hali mbele ya mkwewe, sembuse kulala chini ya paa lake. Linda alikuwa amemweleza mumewe yote hayo. Basi Gibson alipika uji, akamnyooshea mama kikombe huku amempa kisogo.

"Mama, kunywa," alisema kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Mimi naangalia ukuta."

Mama alitetemeka kwa homa na kicheko pamoja. "Hebu geuka, mwanangu, utaniunguza!"

Akanywa mbele yake. Akafika Lusaka, akampokea mjukuu mikononi, akalala kwa mkwe mwezi mzima.

Aliporudi, Mzee Ogeto alimpokea kwa maneno: "Shemeji, kweli umekula kwa huyo? Aibu gani hii!"

"Ningekula wapi, shemeji, nikiwa nakufa? Nyinyi mlikuwa wapi na uji wenu?"

Alirudi Lusaka mara mbili tena. Mwishoni mwa mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa Kisii, akawachosha wauguzi kwa kuulizia viatu vyake. Siku chache kabla ya mwisho alituita, Mzee Ogeto akiwepo. Alisema: "Mkisoma wasifu wangu bila Gibson, nitaamka niende zangu." Alituaga Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, akiwa na miaka sitini na saba.

Ameacha watoto watatu, wajukuu sita, shemeji yake Mzee Ogeto, na mkwewe Gibson Mwale. Gibson aliwasili juzi na analala kwenye gesti ya sokoni. Hivi sasa amesimama barabarani, nje ya lango, kwa sababu baba alimkataza kukanyaga humu, naye hajalivunja neno la mwenye boma.

Baba mdogo Ogeto, sisi watoto hatuna mamlaka hayo. Ni wewe uliyebaki. Tunakuomba, kabla jeneza halijashuka, uende ukamshike mkono umwingize. Mama hakujua kupumzika, na leo hatapumzika mpaka mkwewe aingie.